Nini Kabla ya Nani

Gari la zamani likizimika njiani, jibu hufika kabla ya swali. Abiria wa kwanza kushuka atasema petroli imetiwa maji. Wa pili atasema dereva hakuliheshimu dimbwi lile la mwisho. Wa tatu atamkumbuka fundi aliyeligusa gari juma lililopita, na kuanzia hapo mazungumzo yataiacha injini na kumfuata mtu. Boneti bado imefungwa, lakini mshtakiwa amekwisha kupatikana.

Tabia hii tunayo karibu sote, na haiishii barabarani. Kitu kikiharibika tunauliza nani kabla ya kuuliza nini. Nimekuja kuamini kwamba kifaa kimoja kidogo cha injini za petroli za zamani, kile ambacho mafundi wa Kisangani hukiita delko na wenzao wa Mombasa au Dar es Salaam hukiita distributa, kinaweza kutufundisha kuyauliza maswali hayo kwa mpangilio wake. Na sijui mahali panapokitia kifaa hicho majaribuni zaidi kuliko njia ya Banalia.

Barabara ya Taifa namba 4 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoka Kisangani kuelekea kaskazini hadi Buta. Kilomita zipatazo 130 kutoka mjini inakutana na mto Aruwimi pale Banalia, ambapo kwa miaka mingi magari yamevushwa kwa kivuko. Hii ni nchi ya msitu, jirani na Ikweta. Hakuna mwezi usio na mvua, na hata siku ya jua hewa yenyewe ina maji. Asubuhi ukungu wa mto hupanda hadi kwenye nyumba, na chuma kilicholala nje huamka kimelowa. Sasa fikiria injini ambayo maisha yake yote yanategemea umeme wa maelfu ya volti kupita njia yake bila kuvujia pembeni. Ndivyo zilivyokuwa injini za Land Rover za petroli, za Land Cruiser za silinda sita, za Peugeot 404 na za Volkswagen zile za mgongo wa kobe: zote, kwa miongo ya katikati ya karne iliyopita, ziliwashwa kwa delko ya platini.

Mfumo huo una zaidi ya miaka mia. Ulienezwa na Charles Kettering, mhandisi wa Kimarekani ambaye mwaka 1909 alishirikiana na Edward Deeds kuanzisha kampuni ya Delco mjini Dayton, jimbo la Ohio, na kuanza kuiuzia kampuni ya magari ya Cadillac vifaa vya kuwashia. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Betri kwa kawaida ina volti 12. Buji, yaani plagi, inadai elfu 10, elfu 20 au zaidi ili cheche iruke ndani ya hewa na petroli vilivyobanwa. Daraja kati ya viwango hivyo viwili ni bobini, ambayo ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma: moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba yenye mizunguko maelfu. Platini, vile vipande viwili vya chuma ndani ya delko, zikigusana, mkondo hupita kwenye waya mnene na kujenga nguvu ya sumaku. Mhimili wa delko ukizunguka, pembe zake huzitenganisha platini. Mkondo hukatika, sumaku huanguka ghafla, na anguko hilo huzalisha volti za juu kwenye waya mwembamba. Cheche basi huzaliwa palepale mkondo unapokatika. Kondensa, kikopo kidogo kilichofungwa kando ya platini, huupokea umeme ambao ungeruka kati ya platini zenyewe, ili ukatikaji uwe safi. Rota, kile kidole kinachozunguka chini ya kifuniko, huupeleka umeme kwenye waya wa buji ambayo zamu yake imefika.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini hufunguka na kufunga mara 100 kila sekunde. Pengo la platini kwenye magari mengi ya namna hii ni karibu milimita 0.4. Asiye na kipimo cha dukani huzibana pamoja nyembe nne za kawaida za kunyolea, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 0.1, akaziingiza katikati ya platini pembe ikiwa imezisukuma hadi mwisho. Juu ya unene huo wa nyembe nne limesimama gari zima, pamoja na mzigo wake na watu wake.

Kinachonivuta zaidi kwenye delko ni uwazi wake. Achia vibanio viwili, inua kifuniko, na kila kinachohusika kiko mbele ya macho yako: rota, platini, kondensa, waya mdogo, sahani inayobeba vyote, na chini yake vizito viwili vyenye springi ambavyo huiwahisha cheche kadiri injini inavyokwenda kasi. Hakuna shahidi aliyefichwa. Kosa likiwepo, limeacha alama inayoonekana, inayoguswa au inayopimika kwa taa ndogo na kipande cha waya. Mwenye gari mwenyewe anaweza kusimama kando ya fundi na kuona ushahidi uleule. Ni usawa ambao vyombo vingi vya leo havitupi.

Fundi anayeifahamu kazi huanza na swali dogo ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana: cheche ipo, haipo? Anachomoa waya kwenye buji, anaushika kwa koleo yenye mpini wa mpira, anausogeza karibu na chuma cha injini na kumwomba mwenzake apige stata. Cheche ya buluu, nene, inayolia, inamwambia kwamba umeme hauna hatia na aende kutazama mafuta. Cheche nyembamba ya manjano, au giza tupu, humrudisha nyuma hatua moja: anauchomoa ule waya mkuu unaotoka kwenye bobini kuingia katikati ya kifuniko, na kurudia jaribio. Cheche ikiwa nzuri hapo, kosa liko mbele, kwenye kifuniko, rota au nyaya za buji. Ikikosekana, kosa liko nyuma, kwenye bobini, platini, kondensa au waya mdogo. Majaribio mawili tu, na nusu ya washukiwa wamekwisha kuachiwa.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi kwa mtu mwenye haraka: badilisha kitu kimoja, kisha jaribu. Fundi anayebadilisha platini, kondensa na bobini kwa mpigo mmoja anaweza kuliwasha gari, lakini ameondoka pale bila kujua lililoliua. Huenda ametupa vipuri viwili vizima ili kukiondoa kimoja kibovu, na katika mji ambao kipuri hufika kwa kubebwa njia hiihii ya msitu, kukitupa kizima ni dhuluma. Wazee wametuachia usemi: Mgala muue na haki yake umpe. Hata kipuri kinachoshukiwa kina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa. Bobini hasa ndiyo huonewa mara nyingi, kwa sababu ni kubwa, ni ya bei, na haifunguki.

Baada ya hapo ndipo Banalia inapoongeza masomo yake. La kwanza ni la maji. Gari lililolala kando ya mto linakataa kuwaka alfajiri. Kifuniko kinafunguliwa, ndani kuna umande. Kinafutwa kwa kitambaa kikavu, kinaanikwa juani, gari linawaka, na wote wanakubaliana kwamba kosa lilikuwa unyevu. Kesho yake hadithi ni ileile. Fundi makini hatosheki na jibu la jana. Anakipeleka kifuniko kwenye mwanga, anakigeuza taratibu, hadi anauona mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, uliotoka kituo kimoja cha shaba hadi kingine. Umeme ulipopita juu ya unyevu siku ya kwanza uliunguza njia, na masizi yale yanapitisha umeme hata bila maji. Umande ulikuwa sababu ya asubuhi ile. Mstari ule ni sababu ya kila asubuhi. Giza la usiku linaweza kumsaidia pia: injini ikinguruma, huona miale ya buluu ikitambaa juu ya kifuniko na nyaya mahali umeme unapotoroka. Mara nyingi tunatibu umande na kuuacha mstari.

La pili ni la mwathirika anayedhaniwa mkosaji. Platini zimeungua, zimekuwa nyeusi, upande mmoja umechimbika na mwingine umeota kichuguu. Zinabadilishwa. Muda si mrefu mpya nazo zimeungua vilevile, na lawama inahamia kwa muuza vipuri. Lakini platini hazijiunguzi. Aghalabu kondensa iliyo kando yake imechoka na haiupokei tena umeme uliokuwa kazi yake kuupokea, kwa hiyo kila zinapofunguka mara 100 kwa sekunde zinapigwa na moto usio wao. Zaidi ya hayo, kondensa mbovu hupenda kujificha: baridi inafanya kazi, ikishapata joto inaacha. Gari huwaka vizuri nyumbani na kufa porini. Anayeadhibu kinachoonekana kimeungua, bila kuuliza kilichokiunguza, atakuwa akinunua platini maisha yake yote.

La tatu ni la kosa lisilo na tarehe. Platini moja ina kisigino cha nyuzi ngumu kinachosuguana na pembe za mhimili. Kisigino huliwa kidogo kidogo, pengo hupungua, cheche huchelewa digrii moja, kisha nyingine. Hakuna siku ambayo gari liliharibika. Lilipoteza nguvu polepole kiasi kwamba dereva amejizoesha: anabadili gia mapema, anapunguza mzigo, anasema ni uzee. Kosa la namna hii halina mshtakiwa na halina ajali ya kusimulia, ndiyo maana huishi muda mrefu kuliko mengine. Tiba yake ni kupima wakati mambo yanaonekana mazuri, na kupaka grisi kidogo mno kwenye pembe za mhimili. Nadhani hasara nyingi za maisha ya pamoja zimekuja kwa njia hii, bila siku ya kuanza.

La nne humtesa hata bingwa. Ndani ya delko mna waya mfupi laini unaounganisha platini na nje. Sahani inayobeba platini huhama kidogo kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, kwa kuwa inavutwa na ombwe la injini. Waya nao hupinda na kunyooka, maelfu ya mara, hadi nyuzi zake za shaba zinakatika ndani ya ngozi yake. Kwa macho ni mzima. Gari likisimama, ncha zinagusana na kila kipimo kinasema hakuna tatizo. Likianza kwenda, linakohoa. Hapo macho hayatoshi, inabidi vidole: ukiuvuta waya mzima polepole, haurefuki, uliokatika ndani hunyumbuka kama mpira. Kuna makosa ambayo hayatakiri chochote chombo kikiwa kimetulia, na anayeyatafuta lazima akitikise akiwa na nia njema.

Na la tano ni la unyenyekevu. Ishike rota uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, basi bushi za mhimili zimekwisha, na kila pembe inafungua platini kwa pengo lake tofauti. Hakuna namna ya kurekebisha itakayofaa pembe zote, kwa sababu kipimo chenyewe hakina mahali pa kusimama. Wengi huchukua siku nzima wakiisumbua kabureta isiyo na kosa. Fundi anayejua atasema wazi kwamba hapa bisibisi haitoshi. Mhimili uende kwa mtu wa mashine ya kukereza chuma, achonge bushi mpya. Kukubali mpaka wa mkono wako ni sehemu ya kazi.

Banalia ilijua gharama ya kuchanganya nini na nani kabla gari la kwanza halijafika. Juni 1887 mpelelezi Henry Morton Stanley, akielekea kumtafuta gavana Emin Pasha, aliacha kikosi cha nyuma Yambuya, chini zaidi kwenye mto huohuo wa Aruwimi. Wengi wa wanaume wale walikuwa wapagazi waliochukuliwa Unguja, wasemaji wa lugha hii. Walikaa karibu mwaka mzima wakiwangoja wapagazi walioahidiwa na mfanyabiashara Tippu Tip, wakifa mmoja baada ya mwingine. Kiongozi wao, Meja Edmund Barttelot, aliuawa kwa risasi pale Banalia tarehe 19 Julai 1888. Stanley alipofika tarehe 17 Agosti alimkuta ofisa mmoja tu, William Bonny, na mabaki ya kikosi wakiwa hoi.

Kilichofuata Ulaya kilikuwa vita ya lawama. Mwaka 1890 Stanley alichapisha kitabu chake kikubwa cha safari hiyo akiwanyooshea kidole maofisa. Mwaka huohuo ndugu wa Barttelot akachapisha shajara na barua za marehemu ili kumtetea. London ikabishana juu ya nani. Ilhali sehemu kubwa ya jibu la nini ilikuwa kwenye chungu. Watu wale walikuwa wakila mihogo michungu bila kuiandaa ipasavyo, na sumu yake iliwamaliza. Stanley mwenyewe aliligundua hilo na kuliandika, lakini si jambo hilo lililowasisimua wasomaji wake. Wanawake wa mto ule huiloweka mihogo michungu siku kadhaa kabla haijagusa moto; maarifa yaliyokuwa yakihitajika yalikuwa vijijini, mwendo mfupi kutoka kambini.

Sisemi swali la nani ni batili. Kambi ile ilikuwa na ukatili, wapagazi walichapwa viboko vya kuua, na waliowachapa wanastahili kutajwa hadi leo. Ninachosema ni kwamba nani akitangulia humfunika nini, na wafu hawafufuki kwa kumpata mwenye kosa, wala walio hai hawaponi.

Mpangilio ulio sahihi nao una ushahidi palepale. Mwaka 2021 watu walikuwa wakifa kwa homa katika eneo la afya la Banalia. Sampuli zilisafirishwa hadi Taasisi ya Pasteur mjini Paris, zikathibitisha kwamba ni homa ya uti wa mgongo, na tarehe 8 Septemba mlipuko ukatangazwa rasmi. Wakati huo visa vilivyoshukiwa vilikuwa 261 na vifo 129. Ilipojulikana pia kwamba ni kundi la W la bakteria wa ugonjwa huo, chanjo yenye kinga dhidi ya kundi hilo ikajulikana. Sithubutu kuweka roho ya mtu kwenye mizani moja na platini. Naona tu kwamba njia ya kufikiri ni ileile: dalili kwanza, kisha jaribio linaloweza kukukatalia, kisha jina la kosa, kisha dawa inayolilenga kosa hilo.

Leo njia ya Banalia ni ya pikipiki zaidi kuliko ya magari ya petroli. Pikipiki hizo huwashwa kwa kisanduku cha kielektroniki kilichozibwa kwa resini ngumu, kisicho na platini wala kisigino cha kulika. Ni teknolojia bora: cheche yake ni kali, haihitaji kurekebishwa, na mtu wa msituni hana sababu ya kuitamani delko ya babu yake. Kikifa, kinatolewa na kingine kinafungwa. Siombolezi mabadiliko hayo. Lakini kijana anayeanza ufundi kwa kubadilisha visanduku anaweza kufika miaka kumi kazini bila kuona sababu hata moja ikisababisha tokeo lake mbele ya macho yake. Anajifunza kubahatisha kwa bei ya vipuri, na akikosa, humlaumu aliyemuuzia.

Ndiyo maana ningependa kila gereji ya kufundishia huko Kisangani, na kila chuo cha ufundi chenye injini ya zamani uani, kisiiuze kama chuma chakavu. Iwekwe mezani pamoja na betri, bobini na delko yake. Mwalimu alegeze waya mmoja, au aweke kondensa mbovu, kisha amwachie mwanafunzi mwenye taa ndogo na nyembe nne. Asimpe alama kwa kuiwasha injini. Ampe kwa kueleza, kwa mpangilio, alichopima, kilichomjibu, na kwa nini aliwaachia wengine kabla ya kumkamata mmoja. Elimu hiyo wala si ya makumbusho: tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zinayapitisha magari ya enzi hizo kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki, na ushindi wake bado unategemea mikono inayojua kuyasikiliza.

Zaidi ya gari, kijana huyo atakuwa amejifunza kusema maneno matatu ambayo jamii yetu inayahitaji: sijui bado, tupime. Siku moja atakaa kwenye kikao cha ukoo kukiwa na msiba usioeleweka, au kwenye kamati ya kijiji pampu ikiwa imekauka, na sauti zote zitakuwa zikitafuta jina la mtu. Mmoja aliyezoea kufungua kifuniko kabla ya kuhukumu anatosha kuwafanya wengine wasubiri ushahidi, na kusubiri huko mara nyingi ndiko kunakookoa maisha ya asiye na hatia.